Lori Lililoondoka Bila Kusogea

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya somo langu, kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono nyuma ya darasa na kuniuliza filosofia inamhusu nini mtu aliyekuja kujifunza kompyuta. Huuliza kwa adabu, lakini macho yake yanasema: mama, tuachie muda wetu. Simkasirikii. Mimi mwenyewe nilikuwa mbaya kuliko yeye, tena bila hiyo adabu.

Ninafundisha misingi ya utafiti kwa wanafunzi wa kompyuta hapa Kolwezi. Somo lina jina refu la Kifaransa kwenye ratiba, na wanafunzi wamelipachika majina mengine mafupi ambayo sitayaandika. Ndani yake tunazunguka maswali yale yale: kitu gani kipo, tunajuaje kwamba kipo, na nani aliyetuambia. Wanaotaka kuelewa huwa nawasimulia habari ya malori ya baba yangu. Wasiotaka pia nawasimulia, maana mwalimu ni mimi.

Nilikulia Dilala, hapa hapa Kolwezi, katika nyumba mojawapo ya zile za zamani za kampuni ya migodi, zenye kuta nene na ua mpana. Babu yangu alitoka upande wa Maniema na biashara ya chumvi na vitambaa. Baba alizaliwa huku akawa msafirishaji. Wakati ninaousimulia alikuwa na malori mawili: moja lilikwenda Sandoa kuleta mihogo na mahindi, na jingine lilichukua unga kutoka ghala letu kuupeleka Tenke, kwa mama mmoja mwenye duka aliyewauzia vijana wachimbaji wa shaba na kobalti. Ua wetu ulinuka dizeli na unga. Mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana nasikia njaa.

Mwalimu aliyenifundisha somo hili alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Tulimwita Mama Prof. Alikuja kutoka Lubumbashi kama walimu wetu wengi wanavyokuja: anashuka kwenye basi, anafundisha somo zima mfululizo asubuhi na alasiri, kisha anarudi kwake. Sisi tulikuwa tunataka kuandika programu. Tuliona kila saa tuliyokaa mbele yake ni saa iliyoibwa.

Siku ya kwanza alituambia tuhesabu watu waliomo darasani. Tulicheka. Kijana mmoja akahesabu, msichana mwingine akahesabu, na majibu yao hayakulingana. Kumbe kulikuwa na mwenzetu mlangoni, anaongea na simu, mguu mmoja ndani na mwingine nje, begi lake likiwa limekaa kitini kwa niaba yake. Mmoja alimhesabu, mwingine alimwacha. Tena hakuna hata mmoja aliyemhesabu Mama Prof. Ukazuka ugomvi wa kweli, watu wakasimama, mpaka yule wa mlangoni akakata simu ili aje kujitetea.

"Mbele ya kuhesabu bantu," Mama Prof akasema, "musema kwanza muntu wa mu darasa ni nani. Kompyuta haitabauliza. Itahesabu tu ile munaipatia."

Nilimwambia jirani yangu, kwa sauti niliyodhani ni ndogo, kwamba huyu mama angefaa zaidi kuwafundisha mapadri. Alisikia. Alinitazama, akatabasamu, akaendelea na somo. Mwaka wa mwisho ulipofika na kila mwalimu akasema ana wanafunzi wa kutosha wa kuwasimamia, ni yeye aliyenipokea. Namshukuru Mungu kwa ajili ya watu wasioweka kinyongo, maana mimi nakiweka, tena nakitunza vizuri.

Tasnifu yangu ilikuwa rahisi kuieleza. Nilitaka kuandika programu itakayokadiria lori la unga litafika Tenke saa ngapi. Kwa miezi kadhaa dereva wa baba alinitumia ujumbe wa simu kila alipoondoka uani kwetu: *Tulishaenda*. Mama mwenye duka kule Tenke naye alinitumia wake: *Ilishafika*. Katikati ya jumbe hizo mbili ndiko safari ilikokaa. Nilikusanya zote, nikaongeza habari za mvua na siku za juma, nikailisha programu yangu.

Programu ikagundua jambo. Siku ya Ijumaa, barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Tenke ilikuwa nzito ajabu. Siku nyingine lori lilifika mapema tu. Ijumaa lilichelewa, mvua iwepo isiwepo. Nilifurahi mno. Kila mwanafunzi anaota kwamba kompyuta yake itamwambia kitu ambacho watu hawakijui. Na maelezo nilikuwa nayo tayari: makampuni ya migodi, nilisema, yanasukuma malori yao ya shaba yatoke kabla ya mwisho wa juma, kwa hiyo Ijumaa njia inajaa. Nikaandika sura nzima juu ya msongamano wa Ijumaa, nikaipamba kwa mchoro wenye nguzo moja nyekundu iliyosimama juu ya nyingine za buluu.

Nilimwonyesha baba mchoro ule. Aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Iko muzuri sana, mwanangu." Akauchukua, akaenda kuwaonyesha wasafirishaji wenzake baada ya sala ya Ijumaa.

Mama Prof hakuuonyesha mtu yeyote. Alipokuja tena Kolwezi kufundisha, aliiweka sura yangu mezani, akavua miwani.

"Hii vendredi, hii Ijumaa, mutoto wangu, unaijua namna gani?"

"Données njo binaonyesha, Mama Prof," nikasema, yaani takwimu zangu.

"Données bilitoka kwa nani?"

"Kwa shofere."

"Na ile habari ya makampuni kusukuma bakamyo?"

"Bantu banajua," nikasema.

"Ulishaona vendredi moja na macho yako?"

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimwambia mimi nimezaliwa katika nyumba ile, nimeziona Ijumaa zote, malori yale yamenilea.

"Ulikuwako," akasema bila kuinua sauti. "Kuona ni kintu ingine."

Akaniambia niende nikae uani Ijumaa moja, kuanzia asubuhi. Nisipike, nisimsaidie mtu, nisiwe binti wa nyumba. Niandike ninachokiona kana kwamba nimetoka nchi isiyo na malori. Kabla ya hapo hasaini. Na bila saini yake singeweza kuwasilisha tasnifu, na siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa inakaribia. Ikinipita, mwaka mzima unakwenda na maji. Nilitoka pale nimefura. Nikapanda pikipiki kurudi Dilala, nikagombana na mwenye pikipiki njia nzima juu ya jambo ambalo hata sikumbuki.

Ijumaa nikakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani. Mama akapita, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ninafanya utafiti. Akaniuliza kama utafiti unakataza kufagia.

Vijana wakapakia unga. Baba akatoka akiwa tayari amevaa kanzu nyeupe, ile niliyompigia pasi mwenyewe asubuhi hiyo, kama kila Ijumaa. Akasimama mbele ya lori, akainua mikono, akasoma dua ya safari. Dereva na wapakiaji wakaitikia amina. Dereva akapanda, akafunga mlango, akainamia simu yake. Simu yangu ikalia mkononi.

*Tulishaenda.*

Niliinua macho. Lori lilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuligusa kwa ufagio. Dereva alinitazama kupitia dirishani, akaniomba maji ya kunywa.

Sasa lazima nieleze desturi ya kwetu, ambayo sikuwahi kuieleza kwa mtu kwa sababu sikujua kwamba ni desturi. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Nyumbani kwa baba, dua ikishasomwa, safari imekwisha kukabidhiwa kwa Mungu. Tangu hapo hakuna mtu anayesema lori lipo. Kusema lipo ni kama kumpa mtu zawadi halafu ukaishika kwa nyuma. Dereva haingii tena ndani. Yeye sasa ni msafiri. Akisikia kiu anapewa maji dirishani, na akisikia njaa anapelekewa sahani huko huko juu. Nimepeleka sahani hizo tangu nikiwa mdogo, nikisimama kwenye ngazi ya lori kwa vidole vya miguu.

Simu ya mama ikalia. Alikuwa yule mwenye duka wa Tenke. Mama akaegemea bampa ya lori kwa kiwiko, akajibu kwa utulivu kamili:

"Gari? Ilishaenda, mama. Ilishaenda na asubuhi."

Nikaanza kucheka. Nilijizuia, nikashindwa. Adhana ikasikika. Baba, dereva na wapakiaji wakaenda msikitini kwa miguu wakiongea, na lori likabaki peke yake juani, limekwenda. Kuku akaingia chini yake kutafuta kivuli. Watu walirudi baada ya sala, wakakaa kidogo kwa mazungumzo, na ndipo magurudumu yakazunguka kwa mara ya kwanza siku ile.

Siku nyingine kati ya dua na magurudumu hakuna muda mrefu, ni wa kunywa chai tu. Ijumaa baba hupenda kusoma dua mapema, kwa baraka za siku, na katikati inaingia sala. Basi msongamano wangu wote, makampuni yangu yanayosukuma malori, nguzo yangu nyekundu, vyote vilikuwa baba yangu anasali. Na mimi ndiye niliyempigia pasi kanzu. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na mama akasadiki kwamba kweli naumwa.

Kicheko hakikufika jioni. Nilipokaa kuandika nilichokiona, niliona sentensi inavyonijia kwa Kifaransa, imenyooka, mbaya kabisa: ujumbe wa kuondoka ulikuwa ukitumwa na lori lililoegeshwa. Sentensi hiyo ingepigwa chapa, ingejalidiwa, ingesomwa mbele ya watu siku ya kutetea. Na kwetu kutetea tasnifu ni kama harusi. Ndugu wanakuja, majirani wanakuja, wasafirishaji wenzake baba wangekuja, maana alikwishawaalika. Msafirishaji hana kitu zaidi ya neno lake. Lori linaharibika na kutengenezwa, lakini mtu akisema "unga unakuja" na unga usije, nani atamwamini tena? Nilitakiwa kuliandika hilo la sivyo nipoteze mwaka, na nikiliandika, ningemwita baba yangu mwongo mbele ya watu aliowaalika mwenyewe.

Nilimwambia kesho yake, akiwa anakagua matairi. Nilimwambia vibaya. Mimi maneno yangu hutangulia akili.

"Baba, jana gari haikukuwa imeenda. Ilikuwa hapa mu parcelle, hapa uani."

"Ilishaenda," akasema bila kugeuka.

"Niliiona, Baba. Ulisoma dua, shofere akatuma message, na gari ikabakia hapa mpaka kisha sala."

Akageuka. Alikuwa na kitambaa cha kufutia mikono. Akakikunja polepole, akakiweka juu ya tairi.

"Mi nasemaka uongo?"

"Hapana, Baba, sisemi vile..."

"Miaka yote hii bantu banasikiaka neno yangu. Sasa mutoto wangu mwenyewe ataandika mu livre, mu kitabu, kama mi ni muongo?"

Baba si mtu wa makelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, maana hata mimi ninazo. Alichosema tu ni kwamba siku ya kutetea hatakuja, ana safari ya Sandoa. Mama akaniambia niombe msamaha. Niliomba, lakini sikujua naomba msamaha wa nini, na baba, ambaye anajua mambo ya biashara, hakukubali kupokea mzigo usiojulikana ndani yake kuna nini.

Nilirudi kwa Mama Prof na daftari langu. Alisoma habari ya Ijumaa yangu, na alipofika kwa mama kuegemea lori akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akaona sura yangu, akaacha.

"Baba yako alisema uongo?" akauliza.

Lori lilikuwapo, nililiona. Na baba hasemi uongo, hilo nalo nililijua kuliko chochote.

"Unaona? We unaongea habari ya mipira ya gari kuzunguka. Yeye anaongea habari ya safari. Safari yake inaanzaka na dua. Yako inaanza na mipira. Nani alikuambia mipira ni ya kweli kupita dua?"

"Lakini Mama Prof, programu inapaswa kujua saa."

"Basi uiambie saa ya nini! Haukuiambia. Ulipokea neno ya bantu, ukaifanya chiffre, hesabu tu, haukuuliza ile neno inafanyaka kazi gani kwabo." Akafunga daftari, akanirudishia. "Sasa enda kwa ule mwenye anaipokeaka. Umuulize yeye anasikiaka nini."

Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku, lakini ni mara chache tunakwenda kumuuliza mtu ambaye tunadhani jibu lake tunalo. Wiki iliyofuata nilipanda lori la unga pamoja na dereva. Alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Njiani tulipishana na malori ya shaba mengi sana, na haikuwa Ijumaa. Nikatoa karanga, nikala.

Duka la yule mama wa Tenke lilikuwa limejaa vijana wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye nyusi, wanaongea lugha za kila upande wa Kongo, wananunua maharagwe na mkate. Nilingoja wapungue. Nikamuuliza: mama yangu akikuambia lori limekwenda, wewe unaelewa nini?

Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji ni nini.

"Naelewa kama baba alishaomba. Basi unga itakuya leo, siwezi kuagiza kwa muntu mwingine. Napanga nafasi, naita bale ba kushusha babakie karibu. Kama nataka saa, namupigia shofere akifika ku péage, pale banalipishaka barabara."

"Na kama mama angekuambia gari iko ingali hapa?"

"Eeh! Ningeogopa. Ningesema kule kwabo kuko matata."

Nilisimama katikati ya magunia ya unga ya baba yangu, na nilisikia raha ikiniingia moyoni, raha ya kweli, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Neno la baba lilifanya kazi yake sawasawa. Alilolisema lilisikika kama alivyolisema. Katika mduara ule wote hakuna aliyedanganywa ila mimi na kompyuta yangu, na sisi hakuna aliyetudanganya, tulijidanganya wenyewe.

Niliitupa sura ya msongamano. Nguzo nyekundu niliibakiza, nikabadilisha maelezo yake. Niliandika kwamba kuna kuondoka kwa dua na kuna kuondoka kwa magurudumu, kwamba vyote viwili ni vya kweli kwa watu wanaovitumia, na kwamba cha kwanza kinajibu swali la mwenye duka, yaani mzigo utakuja leo au hautakuja. Programu yangu ilihitaji cha pili, na mimi sikukiomba. Dereva akakubali kunitumia ujumbe mwingine lori likipita lango. Safari zilizobaki kabla ya siku ya kuwasilisha zilikuwa chache, kwa hiyo matokeo yangu yalikonda sana. Niliandika hilo pia, kwamba yamekonda na kwa nini.

Kisha nikaenda kumsomea baba ukurasa ule. Alikuwa kibarazani na tasbihi yake. Tasnifu iko kwa Kifaransa, basi nilimtafsiria sentensi moja moja, na mara nyingine nilikwama, kwa sababu kuna mambo ambayo Kifaransa cha chuo kinayasema haraka na Kiswahili cha nyumbani kinakuuliza unamaanisha nini hasa. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Uliandika kama safari tunaiwekaka kwa Mungu?"

"Niliandika kama ni kwa Mungu, Baba."

Akaniomba nirudie pale ambapo mwenye duka anasema anaelewa kwamba baba alishaomba. Nikarudia. Alisukuma punje za tasbihi, akainuka kwenda kutawadha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama Prof akasaini, nikawasilisha, na bado sikujua.

Siku ya kutetea, ukumbi ulikuwa na joto na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo michoro yangu niliishika mkononi kwenye karatasi kubwa. Mama alikuja na shangazi zangu, wote wameshona kitenge cha aina moja. Wasafirishaji walikaa nyuma. Kiti cha baba kilikuwa na mkoba wa mama juu yake. Nilianza kuzungumza huku nikikitazama kile kiti, na sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka mwenyekiti wa jopo akaniambia niinue.

Nilikuwa naeleza habari ya sala mlango ulipofunguka. Baba akaingia, kanzu nyeupe, dereva wake nyuma. Hakupita mbele. Akakaa benchi la karibu na mlango.

Katika jopo kulikuwa na mtu mmoja mkali, mwenye tai ya mistari, aliyekuwa akipekua tasnifu yangu kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Aliacha Kifaransa, akaniuliza kwa Kiswahili ili ndugu wote wasikie.

"Mademoiselle, kwa neno moja tu. Baba yako na machine, nani alikosea?"

"Ni mi nilikosea," nikasema. "Sikubauliza."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kizuri. Yeye hakucheka.

"Na huyu baba, alikupatia ruhusa umuandike hivi mbele ya bantu?"

Mama Prof, aliyekaa mwisho wa meza, aliinamisha uso. Nilifungua mdomo. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Watu wote walitaka niseme ndiyo, nami pia. Lakini baba alikuwa pale mlangoni, na mimi nilichokuwa nacho ni mtu aliyesikiliza akainuka kwenda kutawadha. Nisingeweza kuigeuza hiyo ikawa ndiyo kwa sababu tu naihitaji. Kama kuna kitu somo lile lilinifundisha, ni hicho.

"Sijui," nikasema.

Mkali akachukua kalamu yake. Ndipo benchi la mlangoni likalia, na baba akawa amesimama.

"Tata," mwenyekiti akasema kwa heshima, "muniwie radhi, public haisemake hapa."

"Nimesikia, tata. Sitakawia." Baba alikuwa ameshika kofia yake mkononi. "Mutoto amesema hajui. Ni kweli, sikumuambia. Lakini mi najua. Ruhusa nilimupa. Gari ni yangu, kuuliza ni kwake."

Akakaa, akanyoosha kanzu yake magotini. Mwenyekiti akaniambia niendelee. Sikuweza kuendelea mara moja, kwa sababu nilikuwa nalia mbele ya watu wote, karatasi yenye nguzo nyekundu ikiwa mkononi, na sijawahi kumpenda mtu yeyote kama nilivyompenda baba yangu dakika ile.